Unaiti wa Pigo Moja

Damu ya waziri haitoki kwa maji ya moto. Nakwambia mapema kwa sababu watu wengi hukimbilia maji ya moto, wakaishia kuipikia kwenye zulia isitoke mpaka kiama. Maji baridi, chumvi ya mawe konzi moja kwenye ndoo, usugue kwa kwenda upande mmoja, halafu uiache ukanywe chai. Damu ya jenerali ni hivyo hivyo. Nimepiga deki Ukumbi wa Heshima wa Ikulu yetu miaka thelathini na mmoja, na sijaona tofauti ya damu ya mkubwa na ya mdogo, isipokuwa ya mkubwa hupigwa picha kwanza ndipo niitwe.

Nchi yenyewe msiniulize ni ipi. Ina bendera, ina wimbo, ina foleni ya sukari. Kama inafanana na yenu, hiyo ni shida yenu na serikali yenu, mimi simo. Jina langu ni Sikujua. Nilipewa na bibi yangu, na tangu niajiriwe Ikulu limenisaidia kuliko cheti chochote.

Ninachotaka kusimulia ni habari ya mdogo wangu Nasibu, na shingo yake, na neno moja la Kiingereza.

*

Mkuu wa nchi yetu, Mtukufu Baba, alikuwa na vyeo ishirini na vitatu. Alikuwa Mlezi Mkuu, alikuwa Daktari wa Heshima wa Mifupa, alikuwa Bingwa wa Maisha wa Kuogelea, ingawa hakuna aliyewahi kumwona ameloa. Alichokosa kilikuwa kimoja tu, kuwa naiti. Naiti, kwa Waingereza, ni yule mtu anayepiga magoti mbele ya mfalme akaguswa upanga begani, na akiinuka anaitwa Sa mpaka na mkewe. Mtukufu Baba aliandika barua saba ng'ambo kuomba aguswe. Barua ya saba ndiyo iliyojibiwa. Walimshukuru kwa kuandika, wakamletea na kalenda yenye picha za mbwa.

Kalenda hiyo ilipigwa risasi uwanjani na kikosi cha askari sita, kuanzia Januari mpaka Desemba. Sisi wafanyakazi tulipewa nusu siku tukatazame.

Kesho yake akaitwa Bwana Tungaraza, Mkuu wa Itifaki, bwana mmoja mwembamba mwenye sauti ya kusoma matangazo ya vifo. Akaambiwa nchi yetu inataka unaiti wake yenyewe, tena wa asili, siyo huu wa siku hizi wa kupapasana mabega. Tungaraza akajifungia maktaba wiki mbili. Akatoka na kitabu kikuukuu kilichosema kwamba zamani huko hakukuwa na kugusana. Bwana mkubwa alikuwa akimzaba mtu pigo moja la shingoni, na hilo ndilo lililokuwa pigo la mwisho ambalo naiti angelipokea maishani mwake bila kulirudisha.

Mtukufu Baba alipenda hapo penye kuzaba. Amri ya Unaiti ikatoka wiki hiyo hiyo, na Kifungu cha Nne nakijua kwa moyo, maana kilibandikwa mpaka chooni kwetu. "Naiti atapokea pigo moja kutoka kwa Mtukufu Baba na hatalirudisha. Pigo lolote la pili, kutoka kwa yeyote awaye, atalirudisha papo hapo kwa uzito ule ule. Asiporudisha, atahesabiwa mpaka tatu, kisha atapigwa risasi kwa kuudhalilisha unaiti. Mlinzi atakayesikia tatu asifyatue, naye atafyatuliwa."

Naiti wa kwanza ilibidi awe Mtukufu Baba mwenyewe. Kwa kuwa hakuna wa kumpiga, alisimama mbele ya kioo akajizaba kofi, mizinga ishirini na moja ikalia. Daktari akaandika kwamba ameona wekundu kidogo.

*

Wa pili alikuwa Waziri wa Mifugo. Kofi lile lilimpasua ngoma ya sikio, akatoka anatabasamu upande mmoja. Wa tatu na wa nne walitoka na meno mkononi. Ilipofika zamu ya wa kumi, mkono wa Mtukufu Baba ukavimba, basi akahamia kwenye upanga. Upanga ulikuwa utumike ubapa, lakini Mtukufu Baba alikuwa haoni vizuri miaka mingi, na miwani ilipigwa marufuku Ikulu kwa sababu kuivaa kungemaanisha haoni. Ubapa na makali vikawa bahati ya mtu. Waziri wa Barabara alipoteza sikio zima. Alilitia kwenye chupa ya jemu yenye spiriti, akaifunga utepe wa bendera, akawa haendi mahali bila hiyo chupa. Akikuamkia, anaiinua kwanza.

Mnadhani wengine waliogopa? Walioneana wivu. Mke wa Katibu Mkuu wa Kilimo alinililia mimi, mpiga deki, kwamba mumewe ametumikia miaka kumi na minane na bado ana masikio mawili kama mchunga mbuzi. Wapo waliojikata wenyewe bafuni wakasingizia sherehe. Hao waliitwa manaiti bandia, wakanyongwa.

Kifungu cha Nne nacho kikaanza kula watu. Wa kwanza kuliwa alikuwa Mkuu wa Posta. Mkewe alimpiga kofi la mzaha kwenye sherehe ya kuzaliwa mtoto wao, naye akacheka. Kapteni Lugome, mkuu wa walinzi wa Ikulu, alikuwepo anakula keki. Lugome ni mtu wa sheria sana, si mkali, ni mtu wa sheria tu. Akaweka sahani chini, akapangusa midomo, akahesabu mpaka tatu. Tangu hapo kila naiti alipoguswa alirudisha kwanza, akauliza baadaye.

Halafu ikaja ile harusi ya binti wa Spika. Waziri wa Maji na Waziri wa Ushirika waligongana viwiko kwenye foleni ya pilau, wote wanainamia firigisi moja. Kiwiko ni pigo. Waziri wa Maji akarudisha. Kilichorudishwa nacho kikawa pigo, mwenzie naye akarudisha. Kapteni Lugome alisimama hapo kando na bastola, anawasikiliza kama anatunza saa. Walianza saa saba mchana kwa viwiko, wakaenda kwa ngumi, wakaenda kwa mwiko wa pilau, wakaenda kwa mguu wa meza. Bibi harusi alitolewa dirishani. Wa kwanza alikufa saa kumi kasorobo. Wa pili alikufa saa kumi na robo, maana pigo la mwisho la mwenzie lilikuwa bado deni, ikambidi alirudishe papo hapo kwa maiti, na nusu saa baadaye moyo ukamshinda.

Walizikwa kitaifa. Mtukufu Baba alisema wamekufa sawasawa, na hiyo ndiyo haki.

Mawaziri waliobaki wakakimbilia kwa Tungaraza kuomba marekebisho. Ndipo kikazaliwa Kifungu cha Tano: naiti aliyeumizwa hata asiweze kuinua mkono anaweza kumtuma mtumishi wake arudishe kwa niaba yake. Basi ungeona mawaziri wanavyotembea mikono imefungwa bendeji mpaka mabegani, wasioumwa wala kuchubuka, na nyuma yao dereva ameshika nondo. Wakawa wanaotwangana ni madereva na watunza bustani. Mzee Kazimoto, aliyekuwa akipalilia bustani ya Waziri wa Sheria, alipasuliwa kichwa kwa jembe kwa ajili ya mlango wa gari uliomgonga bwana wake. Mzee huyo alikuwa akiniletea mchicha kila Jumatatu. Nilisugua pale alipoangukia, nikalia, nikasugua tena. Hakuzikwa kitaifa.

*

Mwaka wa pili, Mtukufu Baba akajenga mnara katikati ya mji, naiti wa shaba mwenye urefu wa ghorofa nne, bila masikio. Chini yake likawekwa bamba la marumaru la kuchongwa maana na asili ya neno lenyewe, ili watoto wajue. Kazi hiyo ikapelekwa Ofisi ya Kamusi, na Ofisi ya Kamusi ilikuwa ni mdogo wangu Nasibu, meza moja na kabati linalovuja.

Nasibu nimemlea mimi. Mama alifariki huyu akiwa hajaota meno. Nimemfulia, nimempikia, nimemlipia shule kwa mikono hii. Alikua mtu wa vitabu, mpole, anavaa kandambili ofisini. Alikuja kwangu Jumamosi baada ya chakula cha mchana, akala mihogo iliyobaki bila kusema kitu, na mimi nikajua pana jambo.

"Dada," akasema, "lile neno nimelipata."

"Linasemaje?"

"Miaka zaidi ya elfu huko nyuma, kwa Kiingereza cha kale, lilikuwa na maana ya mtoto wa kiume. Basi. Halafu likawa kijana wa kutumwa nyumbani kwa bwana. Halafu yule kijana akapewa kubeba silaha, akawa anamfuata bwana vitani. Hii heshima imekuja nyuma kabisa."

"Kijana wa kutumwa nyumbani," nikasema. "Yaani boi."

"Yaani boi."

Nikaketi. Hapa lazima niwaambie kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Mama yetu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja, bwana mkubwa wa wilaya, enzi hizo. Katika nyumba ile palikuwa na kijana wa kupiga viatu rangi na kubeba beseni la kuogea. Jina lake hakuna aliyelitumia, aliitwa Boi Mdogo. Mama alikuwa akimbakishia ukoko. Kijana huyo ndiye Mtukufu Baba. Watu wote waliolijua hilo walihamishwa kikazi, na huko walikohamishiwa barua hazirudi. Mama alikufa mapema kwa malaria, nadhani ndilo lililomwokoa.

Nikamweleza Nasibu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, andika simba. Andika naiti maana yake simba, au radi, au mtu asiyelala. Nani atakwenda kuuliza?"

"Siwezi, dada."

"Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Niliubusu mwaka juzi," akasema. "Waliniambia nitoe neno njaa kwenye kamusi. Nikalitoa. Unajua kule kusini watu walikufa na nini mwaka huo? Hospitali waliandika wamechoka. Elfu kumi na moja wamechoka. Mimi ndiye niliyewapa pa kuandikia hivyo." Akasukuma sahani. "Maana ya neno siigawi mimi. Nimeikuta."

Nilimtukana. Nilimwambia ana kichwa kigumu kama marehemu baba, na kwamba sikumlea miaka yote ile ili nije nimsugue kwenye zulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniomba chai. Sikio la kufa halisikii dawa.

*

Jumatatu alisimama Ukumbi wa Heshima mbele ya baraza zima, akasoma. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo na ndoo yangu, mahali pangu pa siku zote. Alisoma taratibu, kama anavyosoma kila kitu. Alipofika mwisho hakuna aliyepiga makofi.

"Fupisha," akasema Mtukufu Baba.

"Kwa asili yake, Mtukufu, naiti ni kijana wa kazi za ndani."

"Kwa lugha ya mtaani."

"Boi, Mtukufu."

Ukumbi ukalipuka. Waziri wa Barabara alipanda juu ya kiti akainua chupa yake ya jemu, anauliza kama sikio lake amelitoa ili awe boi. Waziri wa Sheria alitaka Kiingereza kishitakiwe. Jenerali mmoja alitoa bastola akampiga risasi yule karani aliyechapa ripoti. Maskini wa watu akafia pale pale juu ya mashine yake, herufi moja ikawa inajichapa mpaka karatasi ikaisha.

Mtukufu Baba peke yake hakupiga kelele. Mimi nilimtazama mkono. Ule mkono wa kulia ulikuwa unasugua ukingo wa meza, mviringo, mviringo, kidogo kidogo, kama mtu anayepiga kiatu rangi. Alipogundua akauficha chini.

Kisha akasimama. "Ndugu manaiti," akasema, "mimi sijawahi kuwa boi wa mtu. Sijui hata beseni hubebwaje. Na ninyi niliowapiga kwa mkono wangu hamjawahi kuwa maboi. Ninyi ni nguzo, ninyi ni ngome, ninyi ni mapaa ya taifa hili. Kuanzia saa hii, naiti yeyote atakayejiita, au kuitikia akiitwa, boi au mtumishi wa mtu yeyote, adhabu yake ni kifo. Nani hapa ni mtumishi?"

"Hakuna!" wakajibu kwa pamoja, mpaka vioo vikatetemeka.

"Rudieni."

Wakarudia mara tisa. Wenye sikio moja ndio waliopaza zaidi. Tungaraza akaiandika ikawa sheria, wino ukapulizwa.

"Na huyu mwalimu wa maneno," akasema Mtukufu Baba, "tusimwonee. Ametufanyia utafiti. Jumamosi saa nne asubuhi nitampa unaiti."

Watu wakacheka, wakapiga makofi sana. Kila mtu alielewa. Saa sita mchana nilisikia tupa inanoa upanga huko karakana, na haikunyamaza mpaka Ijumaa.

*

Nasibu alifungiwa stoo ya mazulia, chini ya ngazi. Ufunguo wa stoo ninao mimi, lakini mlangoni walikaa askari wawili, basi nilikuwa nikiingia na chakula natoka na sahani. Ijumaa mchana nilimpelekea wali na maharage ya nazi. Alikula wote. Jamani, kuna uchungu wa kumwona mtu anayekwenda kufa anakula vizuri.

"Usilie, dada. Chumvi imetosha," akasema.

"Unaogopa?"

"Naogopa sana. Naogopa asipige sawasawa. Yule haoni."

"Ukiambiwa useme umekosea, je?"

"Hawataniambia. Wangetaka hivyo wangeniambia Jumatatu." Akanirudishia kijiko. "Kabati la ofisini linavuja upande wa herufi N. Mwambie mtu aweke beseni."

Nikamwambia nitaweka mwenyewe. Kisha nikaenda ukumbini kuandaa sakafu ya kesho. Jukwaa pale lina vigae, na siku za sherehe hulipaka sabuni na nta ling'ae. Kama siku hiyo nilizidisha, ni uzee, macho yangu nayo si mazuri, na miwani ni marufuku.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walitoka shule tatu kuja kuimba. Nasibu aliletwa amevaa kandambili zake, wakampigisha magoti juu ya mto wa bluu. Tungaraza akasoma vyeo vyote ishirini na vitatu, watu wamesimama. Kapteni Lugome na walinzi wake sita walijipanga ukutani. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo na dekio langu, lenye mpini wa mti wa mkongo, mzito kuliko mtoto. Chumvi nilikuwa nimeshaitia kwenye ndoo.

Mtukufu Baba akashika upanga kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akakanyaga mbele. Mguu ukateleza. Upanga uliokuwa unakuja shingoni ukaangukia begani. Nilisikia mfupa wa mtulinga unavunjika, kak, na Nasibu akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata utotoni. Damu ikaruka mpaka kwenye viatu vya Tungaraza. Lakini kichwa kilikuwa bado juu ya shingo.

"Inuka, Sa Nasibu," akasema Tungaraza kwa haraka, maana ndivyo ilivyoandikwa, pigo likishatua mtu ameshakuwa naiti.

Mtukufu Baba hakumsikia. Alikuwa ameaibika mbele ya shule tatu. "Boi!" akafoka. "Boi, mimi?" Akaugeuza upanga akampiga Nasibu tena kwa kitako cha mpini, usoni, meno mawili yakadondoka kwenye mto wa bluu.

Hilo lilikuwa pigo la pili.

Kapteni Lugome akajitokeza hatua moja. Walinzi sita wakakoki bunduki zikamwelekea mdogo wangu. "Sa Nasibu," akasema kwa heshima, "Kifungu cha Nne. Utarudisha?"

"Mimi siyo yeyote awaye," akasema Mtukufu Baba.

Tungaraza akafungua kitabu, akasoma kwa ile sauti yake ya vifo. "'Kutoka kwa yeyote awaye.' Ni maneno yako, Mtukufu. Uliongeza mwenyewe kwa kalamu."

"Sa Nasibu. Moja," akasema Lugome.

Nasibu akajaribu kuinua mkono. Haukuinuka. Akajaribu wa pili, na wa pili ulikuwa umeshika bega lisidondoke. "Siwezi," akasema kwa mdomo wenye damu.

"Mbili. Unaye mtumishi wa kurudisha kwa niaba yako?"

Wallahi sikumbuki kuondoka kwenye nguzo. Nakumbuka nimesimama juu ya jukwaa na kandambili za Nasibu ziko karibu na miguu yangu. "Yupo," nikasema. "Ni mimi. Nimemfulia huyu, nimempikia, nimemwosha uchafu wake. Mimi ni mtumishi wake tangu hajaota meno, na sioni haya."

Lugome akatazama kitabu cha Tungaraza. Tungaraza akatikisa kichwa kukubali. "Kwa uzito ule ule," akanikumbusha Lugome.

Mikono hii imekamua matambara miaka thelathini na mmoja. Nikashika mpini kama ninavyoshika nikitaka kutoa doa sugu, nikampiga Mtukufu Baba ubavuni mwa kichwa. Alianguka kwenye vigae, akateleza mpaka ukingoni, kofia yenye manyoya ikabaki pale alipokuwa. Hakufa. Watu husema nilimuua mimi, na nataka hilo liandikwe vizuri. Mimi nilirudisha pigo moja la halali, lisilozidi wala kupungua.

Alijaribu kuinuka, vigae vikamkataa. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Lugome akapiga hatua moja kando, na bunduki sita zikahama polepole kutoka kwa mdogo wangu.

"Mtukufu Baba," akasema Lugome, kwa heshima ile ile. "Naiti wa Kwanza. Umepigwa. Utarudisha?"

"Lugome, una wazimu?"

"Moja."

Walinzi walikuwa wanatoka jasho. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa pembeni, maana kila mmoja alikuwa anajua mwisho wa Kifungu cha Nne, na nani angemfyatua nani.

"Mkono hauinuki," akasema Mtukufu Baba. Sauti ilikuwa imekuwa ndogo. "Namtuma mtumishi wangu. Kifungu cha Tano. Namtuma mtumishi."

"Yupi, Mtukufu?"

Akageuza kichwa kuelekea mawaziri. Walikuwa arobaini na wawili, wote amewapiga kwa mkono wake, wote wanakula kwake. Akamtazama Waziri wa Mifugo, naye akajifanya hasikii, kwa upande ule mzima. Akamtazama Waziri wa Sheria, akawa anafunga kamba za kiatu kisicho na kamba. Akamnyooshea kidole Waziri wa Barabara. "Wewe. Si mtumishi wangu wewe?"

Waziri wa Barabara akakumbatia chupa yake ya jemu. "Mimi ni nguzo, Mtukufu," akasema. "Mimi ni ngome. Sheria ya Jumatatu."

"Nani hapa ni mtumishi wangu?" akauliza Mtukufu Baba.

Wakajibu kwa pamoja, kama walivyofundishwa. "Hakuna."

Kwa kweli hapo nilimwonea huruma. Alikuwa amelala chini na sura ya mtu anayengoja kuambiwa beseni aweke wapi. Akanitazama mimi, nadhani alinitambua nafanana na nani, na midomo ikataka kusema kitu.

"Mbili," akasema Lugome. "Tatu."

*

Walipiga wote sita, hakuna aliyetaka naye afyatuliwe. Watoto wa shule walikuwa bado hawajaimba. Tungaraza alingoja moshi upungue, akachukua kofia yenye manyoya, akaipangusa kwa mkono wa suti, akaivaa. Akasema sheria imefuata mkondo wake na kwamba ratiba inaendelea na wimbo wa shule ya kwanza. Wakaimba. Mimi nikaenda kuleta ndoo.

Nasibu alipona. Mkono wa kushoto hauendi juu ya kifua, na maneno yenye herufi F yanamtoka kwa upepo kwa sababu ya yale meno. Mimi na yeye hatukuguswa, maana tukishitakiwa sisi, sheria itakuwa imekosea, na sheria ikiwa imekosea Tungaraza amepataje ile kofia? Unaiti ulifutwa. Mnara wa shaba uliyeyushwa ukawa sanamu ya bwana mwembamba. Neno njaa limerudi kwenye kamusi, kwa maandishi madogo.

Jumamosi iliyopita Nasibu alikuja kwangu baada ya chakula cha mchana. Akala mihogo iliyobaki bila kusema kitu.

"Dada," akasema, "Mtukufu Tungaraza ameniita. Anataka kuwa Fildi Mashali. Ameniagiza nitafute maana na asili ya hilo neno mashali, lichongwe chini ya sanamu."

"Na umelipata?"

"Nimelipata. Zamani kabisa, kwa Wajerumani."

"Lilikuwa na maana gani?"

Nasibu akasukuma sahani, akatazama mlango. "Mtumishi wa farasi," akasema. "Kijana wa zizini."

Kisha nikainuka, nikaenda jikoni kuangalia kama chumvi ipo.